Kitenge cha Kusaini

Kwa miaka tisa mama yangu alikuwa na boti, na kwa miaka tisa boti hilo lilimpita mama yake mzazi bila kusimama. Lilikuwa boti la mbao lenye injini mbili, la kubeba watu na mizigo ziwani kutoka Kalemie hadi Moba, na njiani hupita mbele ya Mpala, alikozaliwa mama, ambako bibi alikuwa bado anaishi na magoti yake mabovu. Mama alipotaka kumwona, alipanda boti lake mwenyewe, akalitazama paa la bibi likija, likapita, likapotea, akashuka Moba, kisha akatafuta mtumbwi wa kumrudisha nyuma. Nimewahi kufanya safari hiyo pamoja naye. Niliyoyasema humo mtumbwini sitayaandika hapa.

Aliyelinunua boti ni mjomba, kaka yake mkubwa. Ila mjomba ni mtu wa serikali, ana kiti chake kwenye ofisi ya mkoa, na mtu wa serikali haruhusiwi kufanya biashara. Basi kampuni akaiandikisha kwa jina la mdogo wake, yaani mama, muuza ndagala, vile visamaki vikavu, asiye na makuu. Kwetu hilo si ajabu. Zunguka mji huu uulize nyumba, malori na mashine za kusaga ni za nani, utaambiwa ni za mashemeji, za wajane, na za watoto wa darasa la tatu. Hakuna mji wenye watoto matajiri kama huu.

Kila mwaka palikuwa na karatasi za kusaini, na kila karatasi ilikuja na kitenge. Desturi hiyo aliianzisha mjomba mwenyewe: anafika Jumapili baada ya misa, anakula, ananawa mikono, anatoa karatasi kwenye mkoba na kitenge kwenye mfuko wa plastiki. Mama anasaini kwa mwandiko aliofundishwa na masista, herufi zote zimelala upande mmoja, na kitenge kinaingia sandukuni. Alikuwa na vitenge vya kuvisha kwaya nzima, lakini juu ya boti hakuwa na neno. Aliomba jambo moja tu, tena kila Jumapili ya kusaini: boti lisimame Mpala. Mjomba alijibu kwamba ufukwe wa pale una mawe. Mawe gani? Pale pana ndugu, na mjomba aliogopa watapanda bure.

Mimi nilikuwa sekretari wa kampuni. Tulikuwa na chumba kimoja karibu na bandari, meza, kabati la kufungwa kwa ufunguo, na kompyuta iliyofanya kazi siku ambazo umeme ulikuwa na hamu. Uongo wote wa familia yetu niliupiga chapa mimi, kwa nafasi nzuri kati ya mistari. Niliona haya, lakini haya zangu hazikuwahi kunizuia kufika kazini.

Ndipo ikaja fomu mpya. Serikali, ambayo miaka yote iliridhika na jina lolote lililosainiwa, sasa ilitaka kila kampuni imtaje mwenyewe hasa: yule anayefaidi na yule ambaye neno lake linafuatwa, hata kama amejificha nyuma ya mwingine. Itajwe kazi yake, mahali anapoishi, na tangu lini. Nakala ibaki kwenye daftari la kampuni, na jambo likibadilika, daftari nalo lirekebishwe. Niliisoma mara mbili. Nilihisi kwamba aliyeitunga amewahi kula kwetu Jumapili.

Mjomba hakuona cha kuchekesha. Aliniagiza niandike jina la mama kila penye nafasi, akaleta kitenge kizuri kuliko vyote vilivyotangulia, na siku iliyopangwa tukapanda pikipiki tatu hadi ofisi inayoandikisha kampuni. Yeye alivaa suti yake ya rangi ya kahawia. Alikuja, alisema, kumsaidia mdogo wake kujieleza.

Ofisa alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na subira. Alimuuliza mama jina la nahodha, mjomba akajibu. Alimuuliza injini zilitoka wapi, mjomba akajibu. Alipouliza mama alizaliwa wapi na mjomba akajibu tena, ofisa aliweka kalamu chini. Akasema kwamba hivi karibuni alisafiri kwenda Moba, na pale gatini alimwona mzee mmoja, papa wa heshima zake, akimwamrisha nahodha kama mtu anayefukuza mbuzi jikoni. Papa huyo alivaa suti ya rangi ya kahawia.

"Papa, hapa hatutafute jina ya ku karatasi," alisema. "Tunatafuta ule mwenye kusema. Boti ikikufa mu njia, kapiteni anaita nani?"

Nilimtazama mama, mikono yake imetulia mapajani. Neno lake moja lingemnyang'anya mjomba kiti chake cha mkoa, na nakiri kwamba nililitaka neno hilo kwa moyo wangu wote. Lakini mama alimgeukia kaka yake kwa upole, kama anayemkaribisha mboga, akamwita Yaya, kama kila mdogo anavyomwita kaka.

"Yaya, sema wewe. Boti njo ya nani?"

Mjomba alimtazama ofisa, akanitazama mimi, akatazama picha ya mkubwa wa nchi iliyotundikwa ukutani. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni.

"Njo ya mudogo yangu," alisema. "Miye sina na neno pale."

Ofisa akasema vema, basi ayaandike hayo. Akampa karatasi, naye mjomba akaandika kwa mkono wake kwamba hana fungu kwenye kampuni ile, hafaidi kitu, wala haamuru jambo, yeye mwenyewe au kwa kupitia mtu mwingine, na kwamba akigundulika kusema uongo atajibu yeye. Alisaini nakala mbili. Moja ilibaki pale, ya pili ilikuwa ya daftari letu. Mama aliipokea, akaipuliza wino ukauke, akaitia kwenye mkoba wake. Njia nzima mjomba alikuwa na furaha. Aliona ametoka salama.

Jumanne asubuhi mama hakwenda sokoni. Alikuja bandarini amevaa kile kitenge kipya, akamwambia nahodha kwamba kuanzia leo boti litasimama Mpala, kwenda na kurudi. Nahodha ni mtu wa adabu. Hakukataa, alisema tu kwamba atampigia Papa kwanza. Mama alisema ampigie, ila sauti aifungue sote tusikie, naye akaikunjua ile karatasi juu ya gunia la mihogo.

Mjomba alipokea akiwa ofisini kwake. Tulisikia wenzake wakiongea karibu naye, na mtu akigonga mihuri. Nahodha akaeleza. Mihuri ikaendelea kugongwa. Nadhani mjomba alikuwa anaisoma kichwani ile karatasi aliyoiandika mwenyewe.

"Ufanye vile mwenyewe anasema," alisema, akakata.

Jumapili alikuja bila mkoba. Mama alimwandalia ugali na samaki kama kawaida, naye alikula huku akigomba. Alisema boti ni jasho lake. Alisema karatasi ni karatasi na damu ni damu. Alisema tayari shangazi wawili na jogoo mmoja wamepanda Mpala bila tiketi, na hilo lilikuwa kweli, mimi ndiye niliyewaandika. Mama hakumkatiza. Mjomba alipomaliza kunawa, mama aliingia chumbani akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kitenge, cha rangi za kiume, alichokwenda kukichagua mwenyewe.

"Mwenye kusaini njo anapataka kitenge, Yaya. Hii njo yako."

Nilicheka mpaka nikatumwa nje kwenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji. Niliporudi mjomba alikuwa ameondoka, na kitenge hakikuwa mezani.

Alhamisi iliyofuata alikuja kwenye chumba chetu cha bandarini. Alikuwa amevaa shati jipya, na lilikuwa la kitenge kile kile. Mjomba hakuwa amekanyaga Mpala tangu tulipomzika babu. Bibi ni mama yake pia, na kwa miaka tisa alikuwa na boti la kumfikisha mlangoni. Alisimama mbele ya meza yangu bila kuketi, akauliza kwa sauti ndogo kama kuna nafasi ya mtu mmoja, wa kushuka Mpala. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali ya kumwambia siku nikimpata peke yake. Nilifungua orodha ya abiria, nikaandika jina lake, nikamwonyesha pa kusaini.