Hitima ya Wenzake Mjomba

Jirani yangu hapa Ukunda akifukiza ubani, hunirudisha barazani kwetu Msambweni. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amerejea kutoka vitani Somalia akichechemea, na jambo la kwanza alilotaka ni hitima ya wanajeshi wenzake waliouawa. Tulitandika mikeka. Mwalimu wa madrasa alipofika, mjomba akampa karatasi yenye majina yao.

Mwalimu aliyasoma, akasita kwenye la mwisho.

"Huyu si Mkristo, mwanangu?"

"Ni Mkristo, mwalimu. Ndiye aliyenibeba mgongoni. Kisha akarudi kumchukua mwingine, asitoke tena."

Wazee walitazamana. Moshi wa chetezo uliniwasha macho. Mwalimu aliikunja ile karatasi polepole.

"Basi huyu tutamwombea kwa Kiswahili," akasema, akainua mikono. "Ewe Mola, mpe mamake subira. Na wema aliomfanyia ndugu yetu usiupoteze."

Sote tuliitikia amina, isipokuwa mjomba, aliyekuwa ameinama akilia.

Kiarabu chote cha asubuhi ile nilikiitikia bila kukielewa. Dua ile niliielewa neno kwa neno.