Mkono wa Mtoto wa Mwami

Jumapili, tarehe 8 Februari. Asubuhi hapa Fort Worth kulikuwa na barafu nyembamba juu ya kioo cha gari. Tulipokaribia Houston ikawa mvua ya uvuguvugu, na Tate akavua koti moja kati ya mawili aliyovaa. Tate ni mama yake mama yangu, ndiye aliyenilea. Alishika kitambaa kilichofungwa fundo, na njia nzima hakukiweka chini. Nilijua kina nini ndani. Basi nikarudi utotoni nikiwa kwenye usukani, nawe rafiki nivumilie, maana shule yangu ni fupi na sijui kama haya nayapanga sawasawa.

Kwetu milimani, upande wa ziwa, Mwami, yaani mfalme wetu, hapigiwi kura wala hajitangazi. Anazaliwa na mbegu mkononi. Akina mama watatu wazee huingia na mzazi, na mtoto akitoka, wao ndio wa kwanza kumfungua vidole. Tate alikuwa mmoja wao.

Nakumbuka alipozaliwa mtoto wa Mwami wetu. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuteka maji na kuchambua sombe, majani ya muhogo. Siku ile kilima kilinyamaza, hata michi ililazwa. Watoto tuliambiwa tutembee tumefumba mikono mpaka habari itoke, na watu wazima walisalimiana bila kushikana. Mimi nilifumba mpaka kucha zikaacha alama. Harufu ya ndizi zilizoiva kwenye shimo la pombe, moshi wa mikaratusi, ng'ombe wakilia kwa kucheleweshwa kukamuliwa, vyote ninavyo bado. Kisha vigelegele. Tate akatoka, akafunua kiganja, na humo mlikuwa na punje za ulezi, nyekundu, zimelowa. Wote tukafungua mikono yetu, tukapiga makofi matatu, taratibu, kama anavyopigiwa Mwami.

Jirani mmoja mwenye ulimi mkali alinong'ona kwamba tumbo la mwanamke halilimwi ulezi. Mama yangu, wakati huo bado hai, akamwambia hata wewe hukuona ulivyotoka, watu wakacheka.

Niseme kwa haki: jioni ya kabla yake nilimwona Tate akipepeta ulezi na kuchagua punje nzuri nzuri. Lakini nani kwetu hakupepeta ulezi? Na mimi sikuwa mle ndani. Siwezi kusema zaidi.

Vita vikatutoa. Mwami akapanga foleni ya unga kambini kama sisi, mwishowe akaletwa Houston, akafunga maboksi ghalani mpaka magoti yakakataa. Kwenye ghorofa wanapokaa, watoto wa jirani humwuliza kwa Kiingereza yeye ni mfalme wa wapi, naye huwaonyesha magari yaliyoegeshwa chini, wanacheka pamoja. Mtoto wake, yule wa punje, siku hizi ni dereva wa lori, na leo mke wake alikuwa anajifungua mtoto wao wa kwanza. Wale akina mama wengine wawili tuliwazika kambini. Amebaki Tate. Asipouona mkono yeye, hakuna Mwami mwingine.

Hospitalini hawakutufukuza. Nesi alisema mzazi ndiye anayeamua nani aingie, na mzazi alimtuma bwana wake atuambie hapana. Sikuweza kumchukia. Mwili ni wake, na alizaliwa kambini. Kilima chetu hajawahi kukiona.

"Tate, usikasirike," dereva alisema pale mlangoni. "Si mimi nilizaliwa nazo? Zimenisaidia nini?"

Tulikwenda kungojea kwa Mwami, na mchana dereva akaja: mtoto wa kiume, mzima. Mwami akafumba macho. Tate akauliza nani aliyemfungua mkono.

"Nesi. Alikuwa anamwosha."

"Akaona nini?"

"Vidole tu, Tate."

Maji yalikuwa yakidondoka jikoni. Mwishowe Mwami akafumbua macho, akamwambia Tate, "Basi nipigie makofi yangu, mama, mwende kabla barafu haijarudi."

Tate akapiga magoti juu ya zulia, akapiga matatu, taratibu. Nami nikapiga. Dereva alikuwa na funguo za gari mkononi, hakuziweka chini ili apige.

Njiani nilijiuliza kama kilichokufa leo kilikuwa kweli, au ujanja wa vikongwe watatu. Sijui. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na kilima ambacho watu wake wote walijua kufumba mikono kwa ajili ya mtoto mmoja, na mimi niliyejua nimekwisha kuwaacha wanangu wakue bila kuwaambia. Ningewaambia nini? Wafumbe mikono, wamngoje nani?

Tulipofika nyumbani Tate aliingia jikoni na koti lake, akafungua lile fundo, akasaga ulezi kwenye mashine ya kusagia kahawa. Ulikuwa kidogo, akaongeza unga wa mahindi. Jioni tumekunywa uji. Watoto wameomba sukari.