Ruhusa Iliyotundikwa Hekaluni mwa Kaisari

Amia alikuwa ameinamia sufuria ya dengu za Sabato, anaonja chumvi, Tatia alipoingia uani bila hodi. Tatia alikuwa Mgiriki, mke wa Kalisto mfinyanzi wa mtaa wa chini, na ndiye aliyempangisha chumba babake Amia. Siku zote sauti yake ilifika kabla yake. Siku hiyo alisimama tu, mtandio mkononi.

"Shoga, weka mwiko chini."

"Baba?"

"Nilimpelekea maji asubuhi. Nikagonga, nikagonga, nikasema mzee kalala. Niliporudi saa sita nikasukuma mlango. Amekaa kitini, Amia, kaegemea ukuta. Ameshapoa."

Amia akaweka mwiko chini. Kilichomjia kwanza hakikuwa machozi, ilikuwa hesabu ya saa. Ilikuwa siku ya maandalio, na jua lilishapita utosini. Likizama, Sabato imeingia, hakuna kuzika, na kwa joto la mwezi ule maiti hakai siku mbili. Tena palikuwa na jambo zito kuliko joto. Babake alistahili kulala katika makaburi ya Wayahudi, ubavuni pa mama, na ufunguo wa lango la makaburi ulikuwa kwa Zosimo, mkuu wa nyumba ya sala.

"Mwambie Yose aanze kumwosha," alisema. Yose alikuwa mumewe. "Mimi naenda kuomba ufunguo."

Tatia akamtazama kwa huruma. Hata yeye, mtu wa sanamu, alijua kwamba ombi hilo si dogo.

Marehemu Teudioni alikuwa mtia rangi nguo. Miaka arobaini alichemsha mizizi ya rangi nyekundu, hata mikono yake mpaka viwikoni ikawa kama tofali, na watoto wa mtaani wakamwita Mchinjaji, yeye ambaye hakuwahi kuchinja hata njiwa. Alikuwa mbishi wa mambo madogo. Yeye na mkewe waligombania dirisha moja kwa miaka thelathini, huyu anafungua, huyu anafunga. Mke alipokufa, Teudioni aliliacha wazi, vile alivyotaka mkewe, masika na kiangazi, akikohoa. Jambo moja alijivunia: kusoma. Kila Sabato alisoma Torati katika nyumba ya sala kando ya kijito, na kuna mistari ambayo hakuhitaji hata kuitazama.

Nyumba hiyo ndiyo iliyomponza. Drakoni, dobi tajiri, alikitamani kijito. Akafungua kesi kwamba kiwanja ni urithi wake, na akahakikisha kesi inatajwa siku ya Sabato. Mara ya kwanza Wayahudi hawakwenda barazani. Mara ya pili hawakwenda. Hakimu akasema mara ya tatu wasipotokea, kiwanja ni cha Drakoni.

"Watu gani hawa!" Drakoni alitamba sokoni. "Kila siku ya saba wamelala kama mbwa kivulini, halafu wanataka na kijito. Mungu wao alichoka siku moja tu, wao wamechoka milele!"

Na ruhusa walikuwa nayo. Kaisari mmoja wa zamani alishaamuru kwamba Myahudi asiitwe barazani siku ya Sabato, wala siku ya maandalio kuanzia saa tisa. Lakini nakala ya wazee ilikuwa imeliwa na panya. Amri yenyewe ilichongwa kwenye bamba la shaba, na bamba likatundikwa ndani ya hekalu la Kaisari, mbele ya sanamu yake, ili watu wote wauone ukarimu wake. Wote, isipokuwa wale waliokarimiwa, kwa kuwa Myahudi haingii nyumba ya sanamu. Ndivyo walivyo Warumi. Watakupa haki yako, kisha wataiweka mahali ambapo ukiifuata umeshaipoteza.

Wazee walimtuma Mgiriki mmoja akanakili. Drakoni akamnywesha divai, na nakala ikarudi haina saa wala jina la mji. Hakimu akaitupa.

Basi Teudioni akaenda mwenyewe, bila kumwambia mtu. Bawabu wa hekalu alipomwona alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Myahudi kwa Kaisari! Karibu, mzee, karibu, ila umechelewa. Nguruwe tumemmaliza jana."

"Nimekuja kusoma bamba."

"Soma, nani kakukataza? Lakini mgeni humsalimu mwenye nyumba. Chembe moja ya ubani, pale kwenye makaa. Usinikodolee macho, mzee, sikuitunga mimi sheria hiyo."

Teudioni alisimama kizingitini muda mrefu. Kisha akachukua chembe kwa vidole vyake vyekundu, akaitia motoni. Akasoma bamba mara tatu, mpaka lote likawa kichwani. Kesho yake alisimama mbele ya hakimu, akafumba macho, akaitamka amri kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho. Hakimu akamtuma karani hekaluni kulinganisha. Karani akarudi akasema hakuna neno lililopungua. Kesi ikahamishiwa siku nyingine, na Drakoni, ambaye hakuwa na hati yoyote ya urithi, akashindwa.

Sabato iliyofuata watu waliimba mpaka ng'ambo ya kijito. Zosimo, katika furaha yake, akamkumbatia Teudioni mbele ya wote na kumwuliza, "Ulipitaje mlangoni, ndugu yetu?"

Mwingine angesema Mungu alinifungulia, mambo yakaisha. Teudioni alisema, "Nilitia ubani."

Juma lile lile wazee walimtenga. Asiingie nyumba ya sala, asile na mtu wa Israeli, mpaka watakapokaa tena kuamua. Miaka mitatu hawakukaa. Amia naye alilitii neno la wazee. Kila katikati ya juma alimpelekea babake chakula, akakiweka mlangoni, akamwuliza hali akiwa amesimama. Mzee alikuwa akisogeza kigoda cha pili karibu na meza, kila mara. Amia hakukikalia hata siku moja.

Sasa Amia alimkuta Zosimo mlangoni pake, nguo safi za Sabato begani, anakwenda kuoga.

"Baba amefariki, Mzee Zosimo. Nimekuja kuomba ufunguo."

"Ahimidiwe Hakimu wa kweli. Pole, mwanangu. Pole sana." Na kweli machozi yalimlenga, walikua pamoja, yeye na Teudioni. "Lakini ufunguo si wangu, ni wa wazee. Na wazee hatukumfungulia akiwa hai."

"Basi waite."

"Saa hizi? Watu wameshaingia kuoga. Tukae siku ya kwanza ya juma, tuzungumze kwa utulivu."

"Siku ya kwanza ya juma atakuwa ananuka, mzee."

"Amia!"

"Kesho mtasali wapi?"

Zosimo akapiga hatua atake kupita.

"Nauliza tu. Mtasali wapi? Mimi nilidhani pale sasa hivi zingekuwa zinaanikwa nguo za Drakoni."

"Alichotufanyia sisi baba yako tunakijua," Zosimo alisema polepole. "Na alichomfanyia Mungu tunakijua. Nikimlaza katikati ya baba zetu, kesho kijana yeyote atasema ubani ni moshi tu. Huoni, mwanangu? Warumi hawa hawatulazimishi. Wanatungoja mlangoni."

Kilichomuuma Amia ni kwamba maneno hayo hayakuwa ya uongo. Angekuwa anasema na mjinga au mnafiki angemtukana, akaondoka na nafuu.

"Baba hakusema ni moshi tu," alijibu. "Angekuwa anaona ni moshi, angenyamaza, na leo ungembeba wewe mwenyewe."

Zosimo akahamisha nguo kutoka bega hili hadi lile. "Nenda kamvike, binti yangu. Jua haliwangoji watu."

Alimkuta Yose amemaliza kuosha. Kalisto mfinyanzi ndiye aliyemletea maji, ndoo kwa ndoo. Mwili ulikuwa mweupe na mdogo, mikono tu ndiyo iliyokuwa myekundu kama siku zote.

"Nimesugua," Yose alisema kwa aibu. "Haitoki."

"Acha. Ndivyo alivyo."

Tatia alikuwa amesikia kila kitu, maana mtaa ule habari hutangulia watu. "Shukrani ya punda mateke!" alifoka. "Mleteni kwetu. Ukoo wa Kalisto una kaburi kubwa, nafasi tele, na wafu wetu si wachaguzi."

"Asante, shoga. Baba hatakubali. Sanamu zenu ziko mlangoni."

"Mzee huyu!" Tatia alisema, na akaanza kulia.

Ni Yose aliyesema waende nje ya ukuta. Makaburi ya Wayahudi yako mlimani, yamezungushiwa ukuta wa mawe, na kati ya ukuta na barabara kuna ardhi isiyo na mwenyewe. Mama yake Amia alizikwa ndani, karibu kabisa na ukuta huo, upande wa barabara.

Walimbeba watu wanne: Yose, Kalisto, na ndugu wawili wa Kalisto. Amia na Tatia walifuata nyuma. Walipopita mbele ya nyumba ya sala mlango ulikuwa wazi na mtu alikuwa akifagia ndani. Alisimama na ufagio wake mpaka walipopita. Hakutoka.

Udongo ulikuwa mgumu, na kuchimba kulichukua muda mrefu kuliko walivyodhani. Hawakufikia kina walichotaka. Walimshusha kwa kamba, amefungwa sanda ya kitani isiyotiwa rangi, kichwa upande wa ukuta. Wanaume kumi wa Israeli hawakutimia, kwa hiyo Yose aliacha maombi yanayohitaji watu kumi, akasema yale ambayo mtu anaweza kuyasema peke yake. Kalisto na nduguze walivua kofia zao, wakasimama kando. Amia alirarua upindo wa shingo ya nguo yake upande wa moyo, kama ada ya wafiwa. Akatupa udongo konzi tatu, akasema, "Nenda kwa amani, baba." Yose akafukia. Waliweka mawe juu yake ili mbwa wasifukue, kisha wakakung'uta mikono na kushuka mjini kwa haraka, maana jua lilikuwa limeshagusa mlima.