Mtu wa Picha ya Kwanza

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi nilikuwa nawacheka wanaosimulia mizimu.

Nasoma hapa London. Kazi yangu ni kupima upepo wa Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote. Chombo cha angani hupiga picha mbili za mawingu yale yale, kwa kupishana saa chache. Nabonyeza kitufe, ya kwanza, ya pili, ya kwanza, mpaka nione wingu limesogea kiasi gani. Siku ile profesa alishaniambia: nisipomkabidhi vipimo vya dhoruba moja kabla ya jioni, nafasi yangu anapewa mwingine.

Nilikuwa peke yangu ofisini. Narudi picha ya kwanza, mzee amesimama mlangoni mwa ofisi. Naweka ya pili, hayupo. Narudi ya kwanza, yuko kwenye birika la chai, sweta limetoboka viwiko. Nikamjua. Ni yule Mzanzibari aliyekalia meza hii kabla yangu, akapiga porojo miaka nenda rudi, akafa hajamaliza utafiti wake. Picha yake bado iko ukutani pale ngazini.

Niliogopa? Sana. Lakini, niamini, nilikasirika zaidi. Shikamoo sikumpa.

Nikabonyeza tena mara mbili. Sasa alikuwa begani kwangu.

"Mwanangu, nimalizie ukanda wangu wa mawingu ya kusini," akasema.

"Mzee, ulikuwa na pumzi na hukumaliza. Mimi nina kazi yangu."

Akaufunika mkono wangu wa kulia kwa kiganja chake, baridi kama samaki wa friji. Nikabonyeza kwa kushoto, akatoweka.

Vipimo nilivikabidhi, nafasi sikunyang'anywa. Ila tangu siku ile, nikifungua picha, mkono wa kulia unakwenda wenyewe kusini na kuweka alama. Tena unachagua mawingu mabovu, yaliyotawanyika, ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyaacha. Mvivu hata kaburini! Nafuta kwa kushoto, unaanza upya. Daktari ameupima, hakuona kitu.

Kwa hiyo wewe unayepewa meza ya marehemu, usifurahie kwamba iko dirishani. Uliza kwanza kama alimaliza kazi yake. Kama hakumaliza, omba meza nyingine, hata iwe kando ya choo. Mimi nimeshaanza kumpimia huo ukanda wake, maana mkono hataniachia mpaka uishe. Namdharau mpaka leo, na kila siku namfanyia kazi.