Mama alifinya kitufe, kompyuta ikanyamaza

Wacha niandike tu.

Mama yangu hutembea kwa shida. Nilimwekea kitufe kwa simu: akikifinya, seva, yaani programu inayongoja ujumbe wake kwa kompyuta yangu hapa kazini Kinoru, inafungua dirisha jekundu lenye king'ora.

Niliijaribu hiyo programu ya dirisha kwa kuiwasha mwenyewe kwa kompyuta, bila kitufe. Ikafunguka sawa kabisa.

Leo alianguka bafuni. Akafinya.

Nami nilikuwa nimekaa mbele ya hiyo skrini, nakunywa chai. Hakuna kitu kilitokea!

Ni jirani yetu, Mama Kendi, alinipigia: "Kuja haraka, mama yako ako chini!"

Sikumbuki nilivyofika. Tulimwinua. Hajavunjika, Mungu ni mkubwa.

Nimerudi kuangalia. Programu ya dirisha ilikuwa imefunguka kweli, lakini ikiwashwa na seva badala yangu, inafunguliwa kwa nyuma, mahali hakuna skrini wala sauti.

Nimetoa hilo dirisha. Sasa kitufe kinapigia simu yangu, na tumekijaribu kwa simu yake mwenyewe.

Lakini bado naogopa. Nilimuuliza mbona hakuita majirani mapema.

"Niwaite ya nini, mwanangu? Nilikuwa nimefinya. Nilijua uko njiani."

Jamani, nitalala kweli?