Kulilia Jina

Jina lenyewe silitaji hapa, maana nikilitaja utaniuliza binti yangu hajambo, na swali hilo nimechoka kulijibu. Ni jina la marehemu baba yangu. Alibatizwa nalo huko kijijini Masaba, enzi ambazo hakuna mwanamke aliyekuwa nalo. Lilikuwa jina la makatekista na mafundi baiskeli. Sijui lilipotea wapi njiani. Siku hizi ni jina la nesi wa kliniki, ni la binti wa jirani anayecheza netiboli, na pale karibu na mpaka kuna saluni iliyolichora mlangoni kwa rangi ya waridi.

Mke wangu alipojifungua mvulana, baada ya wasichana wawili, mama alifika kutoka Masaba na kuku wake wawili, akatangaza kwamba mume wake amerudi. Alikuwa amengoja miaka sita tangu mazishi. Nilimweleza kwa upole kwamba jina hilo wasichana wameshalichukua, na kama ni hivyo tungempa binti yetu wa kwanza, mambo yakaisha. Akasema mume wake hawezi kurudi amevaa sketi, na mimi nisimletee mambo ya mjini.

Basi. Mimi si mtu wa kubishana na mama, mimi ni mtu wa ushahidi. Niliacha biashara yangu ya viatu vya mitumba kwa jirani, nikavuka hadi soko la upande wa Kenya, nikasimama katikati ya wauza omena, wale dagaa wa ziwani, nikaliita jina la baba kwa sauti kubwa. Waligeuka wanawake watatu na mtoto mmoja mwenye gauni la shule. Mwanamume hakugeuka hata mmoja. Mama mmoja akaniuliza nataka nini, na kwa aibu nikanunua omena. Nilirudi nyumbani nikatoa ripoti yote. Mama alipokea zile omena, akasema zina mchanga.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Najua watoto wa shule walivyo. Nami niliwahi kuwa mmoja wao, na sikuwa na huruma.

Sasa, kwetu sisi Wasamia, mtoto huchagua mwenyewe. Akishikwa na kilio, mkubwa wa nyumba huwataja wafu wa ukoo mmoja mmoja, na akitajwa aliye wake, mtoto hunyamaza. Hapo nikapata akili. Baba alikuwa na mjomba aliyechimba dhahabu Tiira, mwenye jina zito ambalo msichana yeyote angelikimbia. Nikamwomba mke wangu asimnyonyeshe mtoto asubuhi hiyo mpaka litajwe jina la mjomba, halafu ampe ziwa papo hapo. Mke wangu si Msamia, ni Mjopadhola wa Molo. Alisema kwao wafu hawasaidiwi kuchagua, lakini akakubali, nadhani ili aone nitakavyoumbuka.

Mipango si matumizi. Mama alikaa mkekani, mtoto akipiga kelele mapajani mwa mke wangu, akaanza kutaja. Alipofika kwa mjomba wa Tiira, mke wangu akatoa ziwa. Mtoto akalitema. Akaanza kulia upya, maziwa yakimtiririka shavuni, na mke wangu akainamisha kichwa, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Mama akaendelea. Akawataja ami zangu, akamtaja aliyezama mtoni, akamtaja hata yule aliyejulikana kwa wizi wa kuku. Kilio hakikupungua. Likabaki jina moja, na hapo mama akanyamaza.

Nilidhani anapumzika. Kisha nikaona mikono yake inavyoshikana, nikakumbuka jambo ambalo sijui nililisahau vipi. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akitamka jina la baba. Katika nyumba yetu mke hakuthubutu kulitamka jina la mumewe, ni heshima. Maisha yao yote alimwita "baba yao". Hata kaburini, sisi tulipomlilia kwa jina lake, yeye alilia "baba yao" hivyo hivyo. Lakini mjukuu unamwita. Unamwita asubuhi, unamwita aje kula, unamwita ukiwa umekasirika naye.

Alilitamka mara moja, polepole, akiniangalia mimi badala ya mtoto.

Mtoto alikuwa bado analia. Kama kuna kilichobadilika, ni kwamba alizidisha.

"Mama," nikasema, "amenyamaza."

Mke wangu alimwinua mtoto, akamnyooshea mama. Mama akampokea mtoto, akaliita tena lile jina, akaliita tena, na kila mara ilimbidi apaze sauti zaidi ili lisikike juu ya kilio.