Bima ya Kaka na Kadi ya Kiwanda

Kaka yangu alikuwa na mashine ya kusaga unga Migori, na kama kuna mtu aliyependa kuwa wa kwanza kwa kila kitu, ni yeye. Alikuwa wa kwanza mtaani kwake kununua redio, na miaka ile ya sitini, Uhuru ukiwa bado mbichi, akawa wa kwanza kununua bima ya matibabu. Alikuja nayo kwangu Homa Bay, mume wangu alikokuwa fundi katika kiwanda cha pamba kilichowapa wafanyakazi wake kadi ya matibabu, akaitandaza mezani kabla hata ya kuwasalimia watoto.

"Shemeji," akamwambia mume wangu, "siku kiwanda kikikufukuza, ile kadi yenu inakufa pamoja na kazi. Hii yangu nitahama nayo hata nikienda kuvua samaki Kisegi."

"Hapo umesema kweli," mume wangu akajibu. "Lakini hiyo inakutibu wewe peke yako. Mke wako je?"

Kaka akasema mkewe ni mzima, haugui. Nikamwambia aende akamwambie mwenyewe maneno hayo, kama yeye ni mwanamume.

Bima ile ilikuwa imemtoa jasho. Alipimwa uzito kama gunia, akagongwagongwa kifua, kisha wakala akamuuliza baba yetu alikufa kwa ugonjwa gani. Kaka akajibu kama tulivyoambiwa nyumbani: baba alivunja mwiko, akapatwa na chira, akakonda mpaka akaisha. Wakala alikuwa mgeni, hakuijua chira. Akauliza kama marehemu alikohoa. Kaka akasema kukohoa, alikohoa. Bima ilipokuja ilikuwa na mstari chini kwamba magonjwa ya kifua hayamo. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilinuna, maana aliyekuwa anachekwa ni baba yangu.

Kiwanda hakikuuliza habari za kifua cha mtu. Mzima na mgonjwa waliingia kwa mlango mmoja. Kilitaka tu kujua mke ni nani na watoto ni wangapi, na hapo ndipo tulipokwama. Kwetu Waluo watoto hawahesabiwi. Ukiwataja kwa idadi ni kama umemwonyesha mauti pa kuanzia. Kwa hiyo karani alipomuuliza mume wangu ana watoto wangapi, alijibu kama mtu yeyote mwenye adabu: "Wapo." Karani naye alikuwa Mluo, kijana aliyelelewa vizuri. Hakumbana. Akachora kistari mahali pa namba, wakaagana kwa heshima zote.

Heshima ile ilinitokea puani. Kitinda mimba wangu, mvulana wa miaka minne, alikuwa na ngiri, na asubuhi moja ikavimba, akawa analia hata kwa kuguswa nguo. Nikambeba mpaka hospitali. Daktari akasema apasuliwe kesho yake, asicheleweshwe, kwani utumbo ukibanwa tutampoteza. Lakini mtu wa ofisini pale aliigeuza kadi yetu, akaniambia, "Mama, hii kadi haina mtoto. Mrudishe, kiwanda kimwandike kwanza." Nilimtazama mwanangu mgongoni kwa jirani aliyenisindikiza, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Habari ilimfikia mama mkwe Lambwe siku ile ile. Kulipokucha alikuwa mlangoni petu, vumbi mpaka magotini, na nyuma yake watoto wa shemeji yangu aliyefariki, aliokuwa akiwalea yeye. Hakuketi. Aliwakusanya na wangu, mgonjwa nikambeba mimi, tukaenda wote kiwandani. Akawapanga mstari mbele ya meza ya karani.

"Watoto wa mwanangu ni hawa," akasema. "Mimi sihesabu. Hesabu wewe."

Karani akaishika kalamu, akaiweka chini. "Mama, hata mimi siwezi. Nina mama kama wewe nyumbani."

Nilitaka kuwapiga wote wawili. Mtoto anatokwa na jasho begani kwangu, na hawa wanapeana heshima! Nikasema kwa sauti ambayo mkamwana hapaswi kuitoa mbele ya mama mkwe wake kwamba asipopatikana wa kuhesabu, nitahesabu mimi, na liwe liwalo. Karani akaruka kwenda kumwita meneja.

Meneja alikuwa Mhindi mnene, mpole, penseli sikioni. Akatazama mstari wote, akauliza, "Yote ya fundi yangu?"

"Kuna ya nani mwingine?" mama mkwe akamjibu.

Basi akapita akiwanyooshea penseli mmoja mmoja, akihesabu kwa Kigujarati. Mama mkwe alisimama ametulia kabisa, kwa kuwa hakuelewa hata neno. Meneja akaandika namba, akapiga mhuri, akamletea mwanangu kikombe cha maji kwa mkono wake mwenyewe. Alasiri ile akapasuliwa. Baada ya siku chache alikuwa akitudai uji kwa kelele, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza mpaka leo.

Kaka alipokuja kumjulia hali alitaka kuiona kadi iliyotibu mtoto. Nikampa. Akaisoma, akawatazama watoto wangu uani, kisha wale wa marehemu waliokuwa wakila nao sinia moja, akairudia kadi.

"Dada," akasema, "hapa pamezidi."

"Pamezidi wangapi?" nikamuuliza.

Kaka yangu, mtu wa kwanza kwa kila kitu, akafungua kinywa kutaja idadi, akakumbuka, akakifunga. Akanirudishia kadi, akaenda kunawa mikono, akaketi nao kwenye sinia.